Barua Pepe Hukaa Wapi? Programu za Mezani Zalinganishwa

Kila aliyepata kuwa na sanduku la posta anaujua ufunguo wake mdogo. Mwenye ufunguo huenda posta, hufungua kijilango chake, huzitoa barua zote na kwenda nazo nyumbani, ambako huzitia katika sanduku la bati lililo mvunguni mwa kitanda. Tangu saa ile posta haina habari tena na barua zile. Nyumba ikiungua, barua nazo zimeungua. Sasa na tuwaze posta ya namna nyingine, ambayo barua zake hazitoki kamwe: mwenyewe huja dirishani, huzisoma pale pale, na akipenda hupewa nakala ya kwenda nayo. Nyumba yake ikiungua barua zipo. Lakini ndugu yake mwenye ufunguo wa pili akizichana, au posta yenyewe ikifungwa, hana la kufanya.

Posta hizi mbili zote zimo katika kompyuta zetu, na watu wengi huzitumia bila kujua wanatumia ipi. Makala haya yanakusudia kuzilinganisha programu za barua pepe za mezani kwa kipimo kimoja kabla ya vingine: kila programu huziweka wapi barua za mwenyewe, na kwa umbo gani. Rangi za vitufe na uzuri wa madirisha tutaviacha, kwa kuwa hubadilika kila mara, na kila mtu huzoea vyake.

Programu ya mezani, kwa maana yetu hapa, ni ile iliyowekwa ndani ya kompyuta yenyewe, kama vile Thunderbird, Outlook, au Mail ya kompyuta za Apple. Ni tofauti na ukurasa wa mtandao, kama ule wa Gmail, ambao hufunguliwa kwa kivinjari na huacha kila kitu kwa mwenye seva. Msomaji kijana anaweza kuuliza ya nini kuyajadili haya, naye husoma barua zake kwa simu. Jibu ni kwamba katika ofisi ya shule, ya mhasibu au ya mtafiti, barua ni kumbukumbu kwanza na mazungumzo baadaye, na kumbukumbu zina desturi ya kutakiwa siku ambayo hazionekani.

Mwandishi alilijua jambo hili kwa hasara. Katika shule moja ya sekondari alikofundisha, programu ya kompyuta ya ofisini ilikuwa imepangwa kuchukua barua na kuzifuta katika seva mara tu zikichukuliwa. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Masika moja radi ilipiga, diski ya kompyuta ikaharibika, na pamoja nayo zikapotea barua za miaka mitatu: maagizo ya vifaa vya maabara, majibu ya wenye maduka kuhusu bei, orodha za wanafunzi waliohamia. Miaka michache baadaye, katika ofisi nyingine, ajali iliingia kwa mlango wa pili. Safari hii barua zilikuwa katika seva. Mwalimu mmoja, aliyekuwa amefungua sanduku la ofisi katika simu yake, aliona simu imejaa, akafuta barua za zamani ili apate nafasi. Jioni ile ile barua zikatoweka ofisini pia. Alidhani anafuta nakala, kumbe anafuta asili.

Mapatano mawili ya kuchukua barua

Barua pepe ya kwanza kupita mtandaoni kati ya kompyuta mbili ilipelekwa mwaka 1971 na Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN mjini Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Ndiye aliyeichagua alama ya @ ili kulitenga jina la mtu na jina la kompyuta yake. Siku zile msomaji aliketi mbele ya kiwambo kilichounganishwa na kompyuta kubwa, na barua zilikaa ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Hapakuwa na swali la wapi.

Swali lilizaliwa katika miaka ya 1980, kompyuta ndogo za mezani zilipoenea. Kompyuta ya mezani huzimwa jioni, na barua hazina adabu ya kungoja asubuhi. Basi ikabidi iwepo mashine isiyolala, yaani seva, ya kumpokelea mwenyewe barua zake, na iwepo itifaki, yaani mapatano ya namna mashine mbili zinavyosemezana, ya kuzichukua kutoka huko. Ya kupeleka barua ilikwisha andikwa mwaka 1982 na Jon Postel, nayo huitwa SMTP. Ya kuchukua zilipatikana mbili. POP ilitangazwa mwaka 1984, na toleo lake la tatu, la mwaka 1988, ndilo lililodumu mpaka leo. IMAP ilibuniwa mwaka 1986 na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford.

POP ndiyo posta yetu ya kwanza, yenye sanduku la bati. Programu hupiga hodi, hutaja jina na nywila, huuliza kuna barua ngapi, huzivuta moja moja, huagiza zifutwe, kisha huaga. Kazi yote ni maneno machache, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuyajifunza kwa alasiri moja. Programu nyingi huruhusu nakala ibaki katika seva kwa siku kadhaa, lakini POP haijui barua ipi imesomwa wala ipi imejibiwa. Hayo huyajua kompyuta iliyochukua tu.

IMAP ndiyo posta ya pili. Barua hubaki katika seva pamoja na alama zake zote, na folda pia ni za seva. Barua iliyosomwa kwa simu huonekana imesomwa mezani. Programu inaweza kuomba vichwa vya barua tu kwanza, na mwili baadaye, au hata sehemu moja ya mwili bila viambatisho vyake. Kwa mtu mwenye vifaa viwili au zaidi, hakuna ubishi kwamba IMAP ni bora. Bei yake tumekwisha iona: mkono wowote wenye ufunguo hufuta kwa wote.

Mtu asidhani kwamba kusoma barua bila kuunganishwa ni mambo ya kale yasiyo na maana tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 barua pepe katika miji kadhaa ya Afrika, Nairobi ikiwamo, zilipita kwa FidoNet, utaratibu ulioanzishwa na Tom Jennings huko San Francisco mwaka 1984, ambamo kompyuta moja huipigia nyingine simu, hubadilishana mafurushi ya barua, kisha hukata. Aliyeandika aliandika bila kuunganishwa, na aliyesoma vivyo hivyo. Baadaye, mwaka 2009, waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulifika Mombasa na Dar es Salaam, na watu wakaanza kuuona mtandao kama maji ya bomba. Halafu tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na mtandao ukadhoofika Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine jirani. Aliyetegemea ukurasa wa mtandao peke yake alikodolea macho kiduara kinachozunguka. Aliyekuwa na programu ya mezani iliyokwisha kuvuta nakala aliendelea kusoma barua zake za jana na juzi, na majibu yake yakangoja katika folda ya zitokazo.

Jamaa wa zamani

Programu iliyowafunza watu wengi wa miaka ya 1990 maana ya barua pepe ya mezani ni Eudora. Iliandikwa mwaka 1988 na Steve Dorner katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, naye aliipa jina la mwandishi wa hadithi Eudora Welty, kwa sababu ya hadithi yake moja inayohusu mtu aliyehamia kuishi ndani ya posta. Baadaye kampuni ya Qualcomm iliichukua na kuitengenezea toleo la Windows. Ilikuwa programu nyepesi, yenye upesi wa kutafuta, na ilikuwa na mzaha wake: toleo la mwaka 2000 liliweza kuipima lugha ya barua na kuichorea pilipili kulingana na ukali wake, hadi pilipili tatu kwa matusi mazito. Katika shule, ambako barua za hasira huandikwa zaidi mwisho wa muhula, kifaa hicho kingepata kazi. Eudora ya asili iliachwa kutengenezwa mwaka 2006, na mwaka 2018 Jumba la Makumbusho la Historia ya Kompyuta huko California liliuweka msimbo wake hadharani.

Pegasus Mail ni habari tofauti. Ni kazi ya mtu mmoja, David Harris wa Dunedin, New Zealand, aliyeitoa mwaka 1990 na kuigawa bila malipo, akijipatia riziki kwa kuuza vitabu vya maelezo yake. Januari 2007 alitangaza kwamba hana uwezo wa kuendelea, kisha akaendelea. Programu ya namna hii ina fadhili nyingi, lakini mwenye kumbukumbu za shule hapana budi ajiulize nani atafungua mafaili yale siku mwenye kuitengeneza atakapochoka.

Outlook Express haikuhitaji kutafutwa na mtu. Kuanzia mwaka 1997 Microsoft iliitoa pamoja na kivinjari chake, na ilikaa ndani ya Windows hadi toleo la XP. Jina lake huwachanganya watu: haikuwa dada mdogo wa Outlook ila kwa jina, na mafaili yao hayakufanana hata kidogo. Outlook yenyewe, ya mwaka 1997, ilikuwa na kalenda, orodha ya anwani na kazi za kutimiza, na nguvu yake ilikuwa kwamba programu nyingine ziliweza kuiamuru. Nguvu hiyo ndiyo iliyokuwa aibu yake. Machi 1999 virusi vilivyoitwa Melissa viliingia kwa kiambatisho cha Word, vikaiagiza Outlook ijipeleke kwa anwani 50 za kwanza za mwenye kompyuta. Mei 2000 vikaja vile vilivyojifanya barua ya mapenzi, vikajipeleka kwa kila anwani iliyomo. Eudora na Pegasus zilipona kwa sehemu kubwa, kwa sababu wenye kutunga virusi hawakuzifikiria.

Kilichozidhoofisha programu hizi zote ni ukurasa wa mtandao. Hotmail ilifunguliwa mwaka 1996. Tarehe 1 Aprili 2004 Google ilitangaza Gmail yenye nafasi ya gigabaiti 1, wakati wengine walikuwa wakimpa mtu megabaiti 2 au 4, na kwa sababu ya tarehe ile wako waliodhani ni utani. Mtu aliyepewa nafasi ya namna hiyo hakuona sababu ya kuchukua barua nyumbani. Mwezi Desemba wa mwaka huo huo Thunderbird ya wakfu wa Mozilla ilitoka katika toleo lake la 1.0, kana kwamba imechelewa sherehe. Lakini ndiyo ambayo imebaki, na tangu mwaka 2020 inaendeshwa na kampuni ndogo chini ya wakfu huo, kwa michango ya watumiaji wake.

Umbo la sanduku

Tumefika kwenye kiini cha ulinganisho wetu. Barua ikiwa imekwisha kufika katika diski ya kompyuta, huandikwaje?

Njia ya kale kabisa, iliyotoka katika mifumo ya Unix, huitwa mbox. Folda nzima ni faili moja refu la maandishi, barua moja chini ya nyingine, na mpaka kati yao ni mstari unaoanza kwa neno la Kiingereza «From» na nafasi tupu. Mwanafunzi mwepesi ataona hatari mara moja: je, mtu akiandika ndani ya barua yake mstari unaoanza kwa neno hilo? Programu hulitilia alama ya > mbele yake ili lisidhaniwe kuwa mpaka, na ndiyo sababu msomaji wa barua za Kiingereza huikuta alama hiyo pengine mahali pasipostahili. Faida ya mbox ni kubwa: faili lake hufunguka kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi, leo na baada ya miaka 50. Eudora ilitumia aina yake, na Thunderbird hutumia mbox mpaka sasa.

Hasara yake ni kwamba kutoa barua moja katikati ya faili refu ni sawa na kung'oa ukurasa katika daftari lililoshonwa: yote yanayofuata hapana budi yasogezwe. Kwa hiyo Thunderbird haing'oi. Barua ikifutwa huwekewa alama tu, isionekane, na maneno yake hubaki ndani ya faili mpaka folda ikandamizwe, kazi ambayo programu huifanya wakati wake au ikiamriwa. Mambo mawili hufuata. Kwanza, diski haipati nafasi papo hapo. Pili, barua ya siri iliyofutwa jana yaweza kusomwa leo na mtu anayejua kulifungua faili.

Njia ya pili ni Maildir, iliyobuniwa na Daniel J. Bernstein katika miaka ya 1990. Hapa kila barua ni faili lake peke yake. Kufuta ni kufuta kweli. Umeme ukikatika wakati wa kuandika, huharibika barua moja na si folda nzima. Katika nchi ambayo umeme hukatika bila taarifa, hoja hii si ndogo. Thunderbird inaweza kupangwa kutumia utaratibu wa namna hii, lakini haianzi nao.

Njia ya tatu ni ya Outlook ya siku zote. Barua, kalenda na anwani zote hutiwa katika faili moja la PST, ambalo ni hazina ya data yenye mpango wake wa ndani, wala halisomeki kwa macho. Hadi toleo la mwaka 2002 faili hilo halikuweza kuzidi gigabaiti 2. Ukomo huo hujulikana kwa wanafunzi wa hisabati ya tarakimu mbili, kwa kuwa namba yenye biti 32, moja ikiwa ya alama ya kujumlisha au kutoa, hufikia mwisho wake karibu na 2 kwa kipeo cha 31, yaani 2,147,483,648. Faili lililofika hapo liliweza kukataa kufunguka na kuhitaji kifaa maalumu cha kulipunguza. Toleo la mwaka 2003 liliupandisha ukomo hadi gigabaiti 20, na la mwaka 2010 hadi 50. Liko pia faili la OST, ambalo watu huliona kubwa wakadhani ni akiba yao. Siyo. OST ni kivuli cha barua zilizoko katika seva, na haliwezi kuchukuliwa na kufunguliwa katika kompyuta nyingine kama PST.

Liko badiliko la karibuni ambalo walimu wanafaa kulijua. Programu nyepesi ya Mail iliyokuwa ndani ya Windows iliachwa mwisho wa mwaka 2024, na mahali pake pamewekwa Outlook mpya. Outlook hii ina sura ya programu ya mezani, lakini kwa moyo ni ukurasa wa mtandao. Mtu akiiunganisha na sanduku lake la mahali pengine, barua zake hunakiliwa kwanza katika seva za Microsoft, na kompyuta huzipata kutoka huko. Hilo si kosa la kisheria, na programu hulisema wakati wa kuunganisha. Lakini mtu aliyebonyeza kitufe bila kusoma ameiongeza posta ya tatu kati yake na barua zake.

Uzito wa kiambatisho

Barua pepe ilibuniwa kwa herufi za Kiingereza zenye biti 7. Kiswahili, kwa bahati njema, hakina vialama juu ya herufi zake za Kilatini, kwa hiyo kilipita salama. Kifaransa na Kiarabu viliteseka. Picha hazikuwa na njia moja iliyokubaliwa na wote hadi mwaka 1992, Nathaniel Borenstein na Ned Freed walipotoa utaratibu uitwao MIME. Humo kuna hila iitwayo Base64, ambayo mwalimu anaweza kuifanya ubaoni. Chukua neno «Mto». Herufi zake katika kompyuta ni namba 77, 116 na 111, ambazo kwa biti 8 kila moja ni 01001101 01110100 01101111. Zikate biti hizo 24 upya kwa mafungu ya sita sita: 010011 010111 010001 101111. Namba zake sasa ni 19, 23, 17 na 47. Hesabu A kuwa 0, B kuwa 1, hata Z kuwa 25, kisha a ndogo kuwa 26, na kuendelea. Utapata TXRv. Baiti tatu zimekuwa herufi nne, zote salama kwa safari.

Basi picha ya megabaiti 3 husafiri ikiwa na megabaiti 4 na zaidi kidogo, kwa ajili ya alama za mwisho wa mistari. Na katika mbox hukaa vivyo hivyo na uzito wake wa safari. Eudora ilikuwa na busara yake hapa: ilikifungua kiambatisho mara kilipofika, ikakiweka katika folda ya kando kama faili la kawaida. Masanduku yake yalibaki mepesi. Lakini aliyeisafisha folda ile bila kujua alikuta baadaye barua zinaonyesha viambatisho visivyokuwapo.

Kuchuja barua taka

Mwaka 2002 Paul Graham alichapisha makala iliyoonyesha kwamba nadharia ya Bayes, ya karne ya 18, inatosha kutenga barua taka, na punde programu za Mozilla zikaitumia. Tufanye hesabu. Tuseme mwenye kompyuta ameifundisha programu yake kwa barua njema 100 na barua taka 100. Neno «bahati» limeonekana katika taka 40 na njema 2, yaani uwiano wa 20 kwa 1. Neno «zawadi» limeonekana katika taka 30 na njema 10, yaani 3 kwa 1. Barua mpya yenye maneno yote mawili ina uwiano wa 20 × 3, yaani 60 kwa 1, na uwezekano wa kuwa taka ni 60/61, au asilimia 98. Lakini ikiwa na neno «mtihani» pia, ambalo limeonekana katika taka 1 na njema 30, uwiano hushuka hadi 60 ÷ 30, yaani 2 kwa 1, na uwezekano huwa 2/3 tu. Barua ya mwalimu mkuu kuhusu zawadi za waliofanya vema mtihani imeokoka. Wanafunzi wataona kwamba tumeyachukulia maneno kana kwamba hayategemeani, jambo lisilo kweli. La ajabu ni kwamba kichujio hufanya kazi vizuri hata hivyo.

Thunderbird hufanya mafunzo haya ndani ya kompyuta ya mwenyewe, na hujifunza Kiswahili sawasawa na Kiingereza, maadamu mwenyewe ana subira ya kuionyesha ipi taka na ipi njema. Vichujio vya seva kubwa huona barua za watu mamilioni, kwa hiyo vina nguvu zaidi, lakini hukumu yao haina rufaa ya karibu.

Tofauti nyingine ndogo ihusuyo faragha: watangazaji hutia ndani ya barua kipicha cha nukta moja, kilichoko katika seva yao, ili kikiombwa wajue barua imefunguliwa saa ngapi. Thunderbird hukataa kuziita picha za mbali mpaka iruhusiwe. Outlook ilianza kuzizuia mwaka 2003. Apple, tangu mwaka 2021, imechukua njia ya kinyume: mwenye kuiruhusu huitiwa picha zote kwa mlango wa Apple yenyewe, zisomwe barua zisisomwe, hata mtangazaji asiambulie habari. Kwa maoni ya mwandishi, hiyo ni hila nzuri kuliko zote tatu.

Na kwa wanaotaka barua zisisomwe na seva yenyewe, Thunderbird tangu toleo la 78 la mwaka 2020 ina ndani yake usimbaji wa OpenPGP, uliotokana na kazi ya Phil Zimmermann ya mwaka 1991. Hapo kabla ilihitaji nyongeza. Outlook na Mail ya Apple hutumia utaratibu mwingine uitwao S/MIME. Aliyesimba barua zake akaupoteza ufunguo wa siri amezika sanduku la bati bila kuweka alama mahali pake.

Kwa ofisi ya shule, mwandishi angechagua IMAP, pamoja na Thunderbird iliyoamriwa kuvuta barua nzima na si vichwa tu, na mara moja kwa mwezi angenakili folda yake ya data katika diski ya nje, ambayo hukaa kabatini na haiunganishwi na kitu. Diski hiyo ndiyo akiba. Nakala iliyomo ndani ya programu ya IMAP siyo akiba, kwa sababu kilichofutwa katika seva hufutwa nayo. Kwa ofisi inayoishi kwa kalenda na mikutano ya pamoja, Outlook ya zamani bado haina mpinzani wa kweli, maadamu mtu anajua PST yake iko wapi.

Jaribio la darasani

Fungua barua yoyote katika Thunderbird, kisha bonyeza Ctrl pamoja na U. Itatokea barua kama ilivyo, bila mapambo. Tafuta mistari inayoanza kwa neno «Received». Kila seva iliyoipitisha barua imeongeza mstari wake juu ya mingine, kama mihuri ya posta, kwa hiyo isomwe kutoka chini kwenda juu. Andika saa ya kila muhuri. Angalia pia tarakimu zinazofuata saa, kama +0300, ambazo zaonyesha tofauti na saa ya Greenwich, na uzigeuze zote ziwe saa ya mahali pamoja. Sasa toa muhuri mmoja katika unaofuata, na uone barua ilikawia wapi. Ukipata jibu la kutoa, yaani barua imefika kabla ya kuondoka, usidhani umekosea hesabu: saa ya seva mojawapo haiko sawa.